Kumtua Mbayuwayu kwa Sikio

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu Mpimaji,

Natumaini vumbi la kambini halijakugeuza rangi na mpishi wenu ameacha kuunguza sufuria. Sisi huku wazima. Dereva wa lori lenu la vifaa amenipitia hapa karakanani asubuhi, akanikabidhi bahasha yako pamoja na flashi. Mwambie aache kupiga honi kama nyumba inaungua. Tunamsikia.

Nimeyafungua mahesabu yako. Robo yake sikuelewa, robo nyingine nimejifanya nimeelewa. Lakini vipimo nimevipata: urefu mita nane na ushei, uzito tani tisa, watu wanne, injini moja chini ya tumbo, na kazi yake ni kushuka kutoka kituo cha angani hadi juu ya mwezi na kurudi. Basi huo ni mwili ninaoweza kuushonea nguo. Miaka ishirini na sita nakata sare za wahudumu, walinzi na madereva, wanene kwa wembamba. Mbayuwayu, hiki chombo chetu kipya cha kwenye kompyuta, naye ni mteja tu, ila yeye hapumui nikimpima.

Ngozi yake nimeikunjua yote ikawa bapa kwenye skrini, kama kata ya koti mezani, nikaipaka rangi, kisha nikaikunja tena mwilini. Iko kwenye flashi. Wewe tia injini na hesabu za kuruka.

Usisahau tulivyoaibika na chombo chetu cha kwanza, lile tangi la mafuta. Programu ile ya anga ina watumiaji dunia nzima, kila mtu yuko huru kuongeza chombo chake, na letu likapakuliwa na watu arobaini na mmoja, mmoja wao wewe. Safari hii nataka tuwe kwenye mkusanyiko wa mwaka, vile vyombo ishirini vinavyochaguliwa kuwekwa ndani ya programu yenyewe. Mwisho wa kupokea ni tarehe 15 Septemba. Tunao muda, tukiacha uvivu.

Jana nimejigonga kwenye meza ya pasi, paja limevimba. Mama Vifungo, yule jirani yangu wa meza, ananicheka kwamba meza hiyo imekaa palepale tangu kabla sijaajiriwa.

Dada yako


Tarehe 20 Februari

Dada, shikamoo.

Nimemwona Mbayuwayu. Jenereta ya hapa huwashwa saa kumi jioni, na wenzangu wakienda kuoga mimi ndiyo napata kompyuta ya kambi. Pua yake ni nzuri mno. Nilimwita msimamizi wetu aje kuona, naye hajui chombo cha angani wala cha majini, akasema, "Hiki kimeshonwa na mtu."

Lakini ubavu wa kushoto uko wazi. Nimehesabu vibapa, vile vipande vya ngozi yake, kumi na vinne ambavyo havijaunganishwa, mpaka viti vya ndani vinaonekana kutoka nje. Vingine vimegeuka ndani nje, kama shati lililovaliwa gizani. Dada, wewe? Wewe uliyenirudisha nyumbani siku ya mtihani kwa sababu kola imepinda?

Na mwandiko wako vipi? Mistari inapanda mlima, mmoja umemkanyaga mwenzake. Kama unaandika huku umesimama, kaa chini.

Usinune. Rekebisha huo ubavu, kisha uniwekee mlango wa kuungana na kituo, hapo kwenye ncha ya pua, katikati kabisa. Hesabu zangu zote zinategemea katikati hiyo.

Mdogo wako


Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Ni haraka tu. Tuna sare mia nne za hospitali na kila mtu hapa anapumua kwa zamu. Nimerekebisha ubavu, nimeweka na mlango. Dereva anangoja.

Dada yako


Tarehe 1 Aprili

Dada,

Leo sina utani.

Ijumaa nilikwenda mjini penye mtandao, nikamtuma Mbayuwayu kwa wale wa jukwaa la watumiaji wa programu ile wanaojaribu vyombo. Sikumkagua kwanza. Niliiamini kazi yako kwa sababu ni yako. Jumamosi majibu yakaja. Mlango umeuweka sentimita arobaini kushoto kwa katikati. Kila aliyejaribu kuunganika na kituo aligonga ukuta. Mmoja ameandika, "Chombo kizuri cha kubomolea." Watu wakamiminika kucheka, na jina langu liko juu ya ukurasa.

Ubavu ulisema umeurekebisha. Hukuurekebisha. Vibapa tisa bado vinaning'inia.

Mtu anayekata suruali mia nne zikalingana hakosei sentimita arobaini ila kama hajali. Kama umechoka, sema umechoka. Kama ulikubali kazi hii kwa kunihurumia kwamba niko peke yangu porini, sema hivyo pia. Lakini usinipe kazi ya ovyo huku ukiniita mdogo wako.

Mdogo wako


Tarehe 28 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe mosi ilifika. Sikuisoma. Nilisomewa.

Mama Vifungo ndiye aliyeisoma, kwa sauti, wakati wa chai, mbele ya watu kumi na wawili. Barua zako huwa zinachekesha, karakana nzima huzisubiri. Alipofika kwenye "kazi ya ovyo" akaanza kuikunja karatasi. Nikamwambia, "Malizia." Akasema, "Nyingine ni salamu tu." Nikamwambia, "Mama Vifungo, malizia." Akamaliza. Chai ikapoa vikombeni.

Sasa nisikilize. Nina presha ya macho. Inaua mshipa wa kuonea polepole, bila maumivu, ikianzia pembeni. Daktari aliniambia mwezi wa Novemba. Kilichokufa hakirudi, na matone anayonipa ni ya kulinda kilichobaki. Jicho la kushoto karibu limekwisha. La kulia linaona kupitia kitundu, tuseme tundu la kifungo. Nikitazama pua ya Mbayuwayu, ubavu haupo. Nikiutafuta ubavu, sijui pua imebaki wapi. Vile vibapa nilidhani nimeviunganisha. Mlango nilidhani uko katikati ya kile nilichokuwa nakiona. Na kweli ulikuwa katikati ya hicho.

Unataka kujua kwa nini nilikuficha. Hapa kazini walipojua, waliniondoa kwenye meza ya kukata siku ileile. Kwa upole, siwalaumu, mkasi wa umeme haumngoji mtu apapase. Wakanipa kazi ya kukunja. Nakunja mashati ambayo zamani nilikuwa nayakata. Nikasema basi, pabaki japo mahali pamoja ambapo hakuna anayenionea huruma. Mahali hapo palikuwa kwako.

Barua hii naiandika kwa kadibodi niliyoikata nafasi za mistari, kidole kinaongoza kalamu. Mama Vifungo anasema haijapanda mlima.

Mimi nilikosea kukuficha, wewe ulikosea kusema sijali. Ngoma droo. Nipe wiki chache nitafute namna ya kuifanya kazi hii. Usimguse Mbayuwayu.

Dada yako


Tarehe 30 Aprili

Dada,

Lori limekuja mara mbili bila bahasha yako. Kimya nacho ni jibu, nimekielewa.

Nilipokwenda mjini nimempa Nyundo faili zote. Huyo ni mtu wa jukwaani, sijui hata anaishi nchi gani, lakini kwa kuunda maumbo hana mpinzani. Ameshaanza. Ngozi yako ameiondoa, na miguu ya kutulia ameiunda upya. Jina lako litabaki kwenye orodha ya shukrani.

Nadhani ni nafuu kwetu sote.

Mdogo wako


Tarehe 2 Mei

Dada yangu, shikamoo. Na shikamoo nyingine mbili, maana barua zilizopita nilikunyima.

Dereva alinipa bahasha yako kwa mkono wa kulia, akaipokea yangu kwa wa kushoto. Nikaifungua nimesimama palepale. Nilipofika "usimguse Mbayuwayu" lori lilikuwa limeshaondoka. Nilikimbia, dada. Nilikimbia na viatu vya kazi mpaka kwenye mawe ya mpaka tuliyoyapima wiki iliyopita, napunga mikono kama mwendawazimu. Dereva alidhani namuaga. Akapiga honi.

Kwa hiyo utaipata ile barua, na hii itakufikia wiki mbili baadaye. Sijui nikuombe nini. Nimeirudia barua yako mara nyingi na kila mara nafika pale kwenye vikombe vya chai nashindwa kuendelea.

Usiijibu ile ya mwisho. Ichome.

Mdogo wako


Tarehe 18 Mei

Mdogo wangu,

Sikuichoma. Nimeitia mfukoni mwa aproni. Zile wiki mbili kati ya barua moja na nyingine sitakusimulia. Zimepita.

Hii ya pili Mama Vifungo aliisoma huku analia, akaniharibia usomaji. Wewe machozi yako yafute, tuna kazi.

Kwanza, nenda kwa Nyundo ukamwambie mwili wa Mbayuwayu una mwenyewe.

Pili, nimepata njia. Kwenye kompyuta yangu nimewekewa programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Inasoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, na neno "mbayuwayu" inalitamka kama mtu anayekabwa koo. Lakini nilipoipa faili la umbo, ikaanza kunisomea nambari. Nikashangaa. Kumbe muda wote nilipokuwa navuta mistari kwenye skrini, chini yake umbo lilikuwa orodha ya nambari tu: kila nukta ina tatu, ya kulia na kushoto, ya juu na chini, ya mbele na nyuma. Nambari hazihitaji macho. Mimi nimeishi na nambari za viuno na mabega ya watu maisha yangu yote.

Kwa hiyo namjenga Mbayuwayu kwa kadibodi ngumu, kipimo cha moja kwa kumi, sentimita themanini na mbili kutoka pua hadi mkia. Utepe wangu wa kupimia nimeufunga mafundo ya uzi kila sentimita. Nitampapasa nukta kwa nukta, nitaandika nambari, kompyuta itanisomea nisikie kama nimekosea. Na mlango wa pua utakuwa sifuri kushoto na sifuri kulia, hata kama dunia itapinda.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Nataka chumba cha rubani kiseme. Kimo, mwendo, mwinamo, vyote visikike. Nataka kumrusha mwenyewe. Sitaki kukaa pembeni nisimuliwe chombo nilichokikata kwa mikono yangu.

Dada yako


Tarehe 4 Juni

Dada, shikamoo.

Nimemwandikia Nyundo ukweli wote, bila kujipaka mafuta. Nilitegemea matusi. Amejibu kwa mistari miwili: "Ningejua nguo ina mwenyewe nisingeivaa. Naondoa vyangu vyote, ila mwambie dada yako miguu ni zawadi, akiikataa sitanuna."

Sasa lililo gumu. Imebaki miezi mitatu na kidogo. Mwili peke yake ni nukta zaidi ya mia tatu, na wewe unataka kupapasa kila moja. Hicho chumba cha kusema, programu ile haina kitu cha namna hiyo, itabidi niandike kila kitu kutoka mwanzo, kwa saa nne za jenereta, nikigombea kompyuta moja na watu wanane wanaotaka kutazama mpira. Niruhusu mwili niumalize mimi. Wewe uchague rangi. Jina lako litatangulia langu, naapa.

Na nikuulize bila kukuudhi: nani atamrusha Mbayuwayu kwa masikio?

Mdogo wako


Tarehe 15 Juni

Mdogo wangu,

Mimi.

Rangi chagua wewe mwenye macho. Yaliyobaki niachie. Miguu ya Nyundo nimeipapasa kwa nambari zake, ni mizuri kuliko yangu, ibaki, na mwambie nashukuru.

Nukta sitini na nane za kwanza ziko kwenye flashi. Zikague zote. Ukikuta kosa, niambie kosa. Ukinificha kosa kwa huruma, nitajua, na hapo ndipo tutakosana kweli.

Dada yako


Tarehe 20 Julai

Dada, shikamoo.

Nukta mia tatu na kumi na mbili. Nimeziingiza zote. Makosa ni manne. Matatu umebadilisha kulia kuwa kushoto, upande wa mkia. La nne nilidhani ni lako, nikakaa nalo siku mbili, mwisho nikagundua ni mimi niliyeruka mstari. Ubavu umefunga. Nimemzungusha mara kumi natafuta pengo, sikupata hata pa kupitisha sindano. Mlango wa pua uko sifuri na sifuri. Nimemuunganisha na kituo, akaingia kama mkono mfukoni.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukufariji endapo ungeshindwa. Nimeona vyema nikuambie, ili ujue nilikuwa mjinga kiasi gani.

Chumba cha kusema nacho kiko kwenye flashi. Ukibonyeza herufi ya K kinataja kimo, M ni mwendo, na upande unaoinamia kinautaja chenyewe. Kasi ya kushuka nimeiwekea mlio: ukishuka haraka unakuwa mwembamba, ukishuka polepole unakuwa mnene. Wenzangu wamekubali kuniachia kompyuta siku mbili kwa wiki baada ya msimamizi kuwaambia habari zako. Nilijifunga taulo usoni, wakasimama nyuma yangu, nikajaribu kutua. Nilianguka mwezini kama embe bovu. Mpishi alijaribu naye, akapotea kabisa, hatujui alikwenda wapi.

Tafadhali sema ukweli kuhusu huo mlio.

Mdogo wako


Tarehe 10 Agosti

Mdogo wangu,

Ukweli ni huu: mlio wako haufai. Nimeanguka mara thelathini na moja. Kwa watu wanne kila safari, nimeua mia na ishirini na nne, na Mama Vifungo ameanza kuwahesabu kwa sauti.

Hoja yenyewe ni kwamba unene na wembamba wa mlio haunipi kipimo. Nasikia umebadilika, sijui umebadilika kwa kiasi gani. Siku ya Jumanne nilikuwa nakunja, nimekasirika, nikamwambia yule mshonaji wa meza ya tatu, "Unakwenda mbio, utavunja sindano kwenye pindo." Akauliza nimejuaje, nami niko upande wa pili wa chumba. Nikabaki na shati mkononi. Nimejuaje? Kwa mwendo wa cherehani. Miaka ishirini na sita nazisikia. Najua mshono wa mbio, mshono wa kola, na ule wa mwisho kabisa pale mtu anapoacha kanyagio na kuzungusha gurudumu kwa mkono, tak, tak, tak.

Toa huo mlio, weka cherehani. Nimezirekodi sauti zake zote, ziko kwenye flashi. Mishono kumi kwa sekunde iwe kushuka mita kumi kwa sekunde. Mshono mmoja, mita moja. Chombo kikivutwa kushoto, nisikie mkasi kwenye sikio la kushoto, kikivutwa kulia, sikio la kulia. Mkasi ukinyamaza niko sawa. Usiongeze kitu kingine, masikio nayo hujaa.

Tuna wiki tano. Lori likirudi likute umemaliza.

Dada yako


Tarehe 2 Septemba

Mdogo wangu,

Tulia kwanza, usiruke mistari.

Flashi yako ilifika Alhamisi. Ijumaa nzima nilianguka. Jumamosi nilianguka mara nne, lakini mara hizo nilijua kila mara kwa nini, na hilo lilikuwa jipya. Leo saa ya mapumziko nimewasha kompyuta palepale karakanani, nikavaa vipokea sauti. Wenzangu walijua. Hakuna aliyewasha mashine.

Nilijitenga na kituo, nikasikia kabari zilizomshika mlangoni zinaachia. Nikawasha injini kupunguza mwendo kama ulivyonifundisha, nikahesabu moyoni. Nikabonyeza K: kilomita tisa. Cherehani ilikuwa inakwenda mbio za wazimu, uzi mmoja usio na mapumziko. Nikaongeza injini. Kilomita nne. Mbili. Mkasi ukaanza kwenye sikio la kushoto, nikasukuma kulia, ukahamia kulia. Nimezidisha. Nikarudisha kidogo, kidogo tena, ukanyamaza. 

Mita mia tatu. Mishono ikaanza kutengana, nikaweza kuihesabu. Mita themanini, mishono minne kwa sekunde. Nilitaka kuharakisha nimalize, mkono wangu wenyewe ukakataa. Ni mkono wa kola, unajua? Ukifika kwenye kona ya kola huendi mbio hata kama bosi amesimama nyuma yako. Mita ishirini, mishono miwili. Mita tano, tak. Nikangoja. Tak. Nikangoja.

Halafu kimya.

Sikuamini, nikabonyeza M. Yule mgeni wa kwenye kompyuta akasema, kwa Kiswahili chake kibovu, "Mwendo: sifuri." Nikabonyeza tena. Sifuri. Nikavua vipokea sauti, nikasema, "Ametua." Nilidhani nimesema polepole. Mama Vifungo alinikumbatia na pini zake zote kifuani, akanichoma pahali pawili. Yule mshonaji wa meza ya tatu akaniuliza, "Ameangalia upande gani?" Nikamjibu, "Hilo ndilo sijui, na wala halijalishi, amesimama kwa miguu yake."

Sasa mtume kwa wale wa mkusanyiko. Umebaki na siku kumi na tatu.

Dada yako


Tarehe 6 Oktoba

Dada yangu, shikamoo.

Barua hii naianza na baya. Hatumo kwenye ishirini. Wamesema umbo ni safi lakini vyombo vya kushukia mwezini mwaka huu vimekuwa vingi, na vingine vina madoido tusiyokuwa nayo. Nimesoma ukurasa wao nimesimama kwenye baraza la duka la mtandao, nikataka kurusha kibodi.

Halafu nikakuta barua nyingine chini yake. Wale wenye programu wanaomba jambo tofauti. Hawataki Mbayuwayu. Wanataka chumba chake cha kusema, cherehani, mkasi, na vyote. Wanataka wakitoe mwilini mwake, wakitie ndani ya programu yenyewe, ili mtu akipanda chombo chochote kilichopo humo, vyote mia sita na zaidi, aweze kukisikia. Wanauliza kama unakubali. Wamekuuliza wewe, hawakuniuliza mimi, kwa sababu nimewaandikia kwamba fundi ni wewe.

Kuna na mtu mmoja. Zamani alikuwa dereva wa treni, miaka kumi na moja sasa haoni. Alikuwa anakaa sebuleni anawasikiliza wanawe wakirusha vyombo. Alimpakua Mbayuwayu siku ya kwanza. Ameandika kwamba siku ya tatu alitua, na wanawe wakagombana nani aliyemsaidia, kumbe hakuna. Ana lalamiko moja: mafuta humwishia ghafla. Hajui yanapungua mpaka injini inazima, na kubonyeza herufi kila mara kunamchanganya.

Nijibu upesi. Nimewaambia wangoje neno lako.

Mdogo wako


Tarehe 19 Oktoba

Mdogo wangu,

Waambie nakubali. Wakitoe, wakikate, wakitie kwenye hivyo vyombo mia sita, ila wasiibadilishe ile kasi ya mishono. Wakitaka kuibadilisha waje kwanza watue mbele yangu.

Mbayuwayu kukosa ishirini kumeniuma siku mbili, nimemaliza. Mwaka ujao tutarudi na kitu kingine.

Nilikuwa kliniki wiki iliyopita. Kitundu cha jicho la kulia kimezidi kuwa kidogo, daktari amebadilisha matone, nirudi baada ya mwezi. Hilo ni lake. Langu ni hili la dereva wa treni, maana ana haki kabisa. Rubani asiyejua mafuta yake ni abiria. Nimeona aibu kwamba halikunijia akilini, nami nimezoea kutua nikiwa na mafuta tele, kama mtu asiyetoka karibu na nyumbani.

Nimeshalifungua faili. Nimejaribu uzi unaokwisha kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, sauti ni ndogo mno, inamezwa na cherehani. Nahitaji sauti kubwa inayobadilika yenyewe kadiri mafuta yanavyoisha. Hapo kambini mna lile tangi refu la maji mnalojaziwa kila lori likija. Lisubiri mpaka libaki nusu. Chukua rungu la mbao, usitumie chuma, uligonge kuanzia juu kabisa ukishuka, shibiri kwa shibiri, na urekodi kila pigo. Wakikuuliza una wazimu gani, waambie ni kazi ya dada yako.

Gonga taratibu. Nataka kusikia mahali hasa ambapo maji yanaanzia.

Dada yako